Jinsi ya kuomba malipo ya ulemavu Marekani (SSI na SSDI), hatua kwa hatua

Naandika hii kwa sababu maswali ni yale yale, kila wiki. "Mama amekataliwa, tufanyeje?" "SSI na SSDI si kitu kimoja?" "Baba alifanya kazi kiwanda cha nyama miaka 6 mgongo ukaisha, anastahili?" Nimeshaandamana na wazee wengi kwenye hizi ofisi, wengi wao watu tuliotoka nao kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania, na wa kwanza kabisa alikuwa mama yangu mzazi ambaye alikataliwa mara mbili kabla ya kukubaliwa. Kwa hiyo nitaandika kila kitu hapa, soma taratibu, ukimaliza mtumie na ndugu yako.

Kwanza elewa kitu kimoja, maana ndipo watu wetu wanapoangukia. Anayeamua kesi yako hakuoni. Anaona makaratasi. Anakaa kwenye ofisi ya jimbo, anasoma rekodi za hospitali na fomu ulizojaza, basi. Kama goti linakuuma mpaka unalia usiku lakini kwenye rekodi daktari ameandika "mgonjwa anaendelea vizuri", kwa yule msomaji we unaendelea vizuri.

Na sisi ndo tulivyolelewa, ndugu zangu. Mama yangu akiingia kwa daktari, daktari anauliza kupitia mkalimani, "Mama habari gani, unajisikiaje?" Mama anajibu, "Nzuri mwanangu, tunamshukuru Mungu." Mkalimani anatafsiri alichosikia, daktari anaandika. Nilikuja kuziona zile rekodi baadaye, kurasa na kurasa, kila ziara imeandikwa hana malalamiko, na huyu ni mtu aliyekuwa anashuka ngazi kwa kukaa, ngazi moja moja, kama mtoto. Nililia. Salamu ni salamu, msalimie daktari, lakini ukimaliza kusalimia mwambie: "Naumwa. Naumwa hapa, na siwezi kufanya hiki na hiki."

SSI au SSDI?

SSDI ni ya mtu aliyefanya kazi na kukatwa kodi ya Social Security (idara ya serikali kuu inayotoa malipo haya yote mawili) kwenye cheki yake. Wanahesabu krediti. Mwaka 2025 kila dola 1,810 uliyoingiza ilikupa krediti 1, na kwa mwaka hupati zaidi ya 4. Mtu mzima wa kawaida anatakiwa awe na 40, na 20 kati ya hizo ziwe za miaka 10 ya mwisho kabla hajaumia. Kijana anadaiwa chache zaidi.

SSI ni ya mtu mwenye kipato kidogo na mali kidogo, hata kama hajawahi kufanya kazi Marekani. Mwaka 2025 kiwango cha juu cha serikali kuu kilikuwa dola 967 kwa mwezi kwa mtu mmoja, na mali yake isizidi dola 2,000, au 3,000 kwa mume na mke. Nyumba unayoishi haihesabiwi, gari moja pia halihesabiwi. Kiwanja ulichonunua Kigoma au nyumba ya Bukavu inatakiwa utaje, usifiche.

Kwa zote mbili, kipimo cha ulemavu ni hicho hicho: uwe huwezi kufanya kazi ya maana kwa sababu ya ugonjwa, na ugonjwa uwe umedumu au unatarajiwa kudumu miezi 12 au zaidi, au uwe wa kuua. Hamna ulemavu wa nusu hapa. Mguu uliovunjika ukapona baada ya miezi 5 haulipwi. Na kama bado unafanya kazi na unaingiza zaidi ya dola 1,620 kwa mwezi (kiwango cha 2025, kwa wasioona kilikuwa 2,700) watakukataa hapo hapo bila hata kuangalia ugonjwa. Hizi namba zinabadilika kila Januari, kwa hiyo angalia za mwaka wako.

Kwa uhamiaji: aliyekuja kama mkimbizi au aliyepewa hifadhi anaweza kupata SSI lakini kwa miaka 7 tu tangu apewe hadhi hiyo, ikiisha bila uraia inakatwa, hata kama ugonjwa ni ule ule. Aliyekuja kwa grinkadi ya bahati nasibu au ya familia ana mlima mrefu, kwa kawaida anadaiwa robo 40 za kazi (ndizo zile krediti 40, na za mume au mke zinaweza kuhesabiwa) na miaka 5 ya kwanza hapati kabisa. Akishakuwa raia vikwazo hivi vinaondoka.

Vitu vya kuwa navyo kabla hujaanza

Chukua bahasha kubwa au faili, weka:
- kadi ya Social Security, grinkadi au I-94 (karatasi ya kuingia Marekani) au cheti cha uraia
- majina na anwani za hospitali na kliniki ZOTE ulizotibiwa, na miezi uliyoenda
- chupa za dawa zote (sio orodha tu, chupa zenyewe, jina la dawa na la daktari yako pale)
- kazi ulizofanya miaka 5 ya mwisho, ulikuwa unabeba kilo ngapi, unasimama saa ngapi
- taarifa za benki na mkataba wa nyumba, kama ni SSI
- namba za simu za watu wawili wanaojua hali yako na simu zao zinapatikana

Kuhusu tarehe ya kuzaliwa. Wengi wetu tumeandikwa Januari 1 kwa sababu kambini hatukuwa na vyeti. Angalia karatasi zako zote zinasema mwaka mmoja. Umri una uzito mkubwa kwenye hizi kesi, sheria inalegea kidogo ukifika miaka 50 na tena 55, kwa hiyo mzee wa miaka 56 aliyeandikwa 48 anapoteza kitu kikubwa. Kama una cheti halisi cha ubatizo au cha shule kinachoonyesha mwaka sahihi, kipeleke mapema.

Hatua zenyewe

1. Anza kutibiwa na usiache. Hii ni kabla ya fomu yoyote. Tafuta kliniki ya jamii inayolipisha kulingana na kipato kama huna bima, na uende kila apointimenti. Mwambie daktari mambo ya kazi za mwili: naweza kusimama dakika 10, siwezi kunyanyua ndoo, mkono huu hauwezi kushika kikombe. Karatasi ya daktari inayosema tu "ni mlemavu, hawezi kufanya kazi" haina nguvu, kwa sababu uamuzi huo ni wa Social Security. Wanachotaka kwa daktari ni vipimo na mipaka, anaweza kukaa muda gani, kubeba uzito gani, kukosa kazi siku ngapi kwa mwezi.

Na hapa niseme jambo watu hawapendi kusikia. Magonjwa ya akili yanahesabiwa sawa na ya mwili. Mtu aliyeona vita, hawezi kulala, akisikia mlango umebamizwa anajificha, anasahau jiko linawaka, huyo anaumwa. Najua kwetu ukisema unaenda kwa daktari wa akili watu wanasema umechanganyikiwa. Mama hakutaka kabisa. Lakini kesi yake ilivyoandikwa goti na presha tu ilikataliwa, ilipoongezwa ya usingizi na mambo aliyoyapitia, ikiwa na rekodi za kliniki za karibu mwaka mzima, ndo ikasimama. Usione aibu.

2. Piga simu ufungue maombi, usisubiri mpaka karatasi zote zikamilike. Namba ni 1-800-772-1213, au nenda ofisi ya Social Security ya eneo lako, au ingia ssa.gov. Siku uliyowaambia unataka kuomba wanaweza kuihesabu kama siku ya maombi, alafu kwa SSI una siku 60 kukamilisha. Hii ni pesa yako, kwa sababu SSI hailipi ya nyuma kabla ya maombi, inaanza mwezi unaofuata. SSDI inaweza kurudi nyuma mpaka miezi 12, ila ina miezi 5 ya kusubiri ambayo hailipwi. Andika siku uliyopiga na jina la uliyeongea naye.

3. Omba mkalimani wa Kiswahili. Ni bure, ni haki yako, hata kwenye simu. Tafadhali usimtumie mtoto. Mtoto wa miaka 13 hatamtafsiria ofisa kwamba mama yake anajikojolea, na mama hatasema mbele yake. Kama mkalimani ni wa Kiswahili cha Nairobi au cha Dar na we unaongea cha Uvira na hamuelewani, sema, watatafuta mwingine. Kama lugha yako ya ndani ni Kibembe au Kinyarwanda taja hiyo.

4. Saini ruhusa ya kuchukua rekodi zako, fomu SSA-827. Bila hiyo hospitali haitoi kitu. Alafu usikae tu ukaamini wameshachukua zote. Piga simu baada ya mwezi hivi, uliza, "Rekodi za kliniki fulani zimefika?" Zisipofika nenda kachukue mwenyewe upeleke.

5. Jaza fomu ya kazi za kila siku, SSA-3373, kwa utulivu. Ndio inayoangusha wengi. Inauliza unafanya nini tangu kuamka mpaka kulala, unapika? unaenda dukani? unafua? unatembea umbali gani kabla ya kupumzika?

Mara ya kwanza tulijaziwa na mtu wa kulipwa, akamuuliza mama "Unapika?" mama akasema ndio, akaandika ndio, akaenda swali lingine. Dakika 15 fomu imeisha. Mara ya pili tulikaa wenyewe mezani jikoni jioni mbili. Unapika? Ndio. Unapika nini? Ugali. Unausonga mwenyewe? Hapana, naweka maji, nakaa kwenye kiti, mjukuu anasonga. Mboga je? Nachambua nikiwa nimekaa, mikono ikifa ganzi naacha. Mara ngapi kwa wiki? Mara mbili, siku nyingine wanapika wao. Haya ndo majibu, yote ya kweli, na ni tofauti kabisa na "ndio" peke yake. Eleza siku nzuri ikoje na siku mbaya ikoje, na siku mbaya ni ngapi kwa mwezi. Kama kwenda kanisani unakaa nyuma na unatoka mara 3 kwenda kujinyoosha, andika hivo hivo.

USIONGEZE CHUMVI. Usiseme huwezi kutembea kabisa wakati rekodi inasema uliingia kliniki kwa miguu. Wakikuta uongo mmoja hawaamini na ya kweli, na uongo kwenye fomu za serikali ni kosa la jinai, kwa asiye raia unaweza kuharibu hata mambo ya uhamiaji.

6. Wakikuita kwa daktari wao, nenda. Wanalipia wao. Ni ziara fupi na daktari hakujui, kwa hiyo jiandae kusema mambo makubwa matatu mwanzoni. Ukikosa bila sababu wanafunga kesi kwa kusema hukutoa ushirikiano. Kama huna usafiri wapigie kabla ya siku yenyewe. Na pokea simu za namba usizozijua kipindi hiki, nyingi ni za yule msomaji wa faili, ila kumbuka Social Security hawakupigii kukutisha wala kukuomba kadi za zawadi, huyo ni tapeli, kata simu.

7. Ukikataliwa, kata rufaa, USIANZE MAOMBI MAPYA. Wengi wanakataliwa mara ya kwanza, hata wagonjwa kweli kweli. Barua ikija una siku 60, na wanakuongezea 5 za posta tangu tarehe iliyoandikwa juu ya barua. Ngazi ya kwanza ni kuangaliwa upya (fomu SSA-561 pamoja na SSA-3441), ya pili ni jaji, ya tatu ni baraza la rufaa, na ya mwisho ni mahakama ya shirikisho. Ukianza upya badala ya rufaa unapoteza tarehe yako ya mwanzo na malipo ya nyuma yanayoendana nayo.

Kwa jaji ndo mara ya kwanza mtu anayeamua anakuona uso wako au kukusikia. Pale anakuwepo na mtaalamu wa kazi ambaye jaji anamuuliza, mtu wa umri huu, mwenye mipaka hii, kuna kazi yoyote anaweza kufanya Marekani nzima? Ndio maana habari za kubeba na kusimama na kukosa siku ni muhimu kuliko jina la ugonjwa. Na mjue pia, tangu Aprili 2020 kutojua Kiingereza peke yake hakukusaidii tena kwenye hesabu ya elimu, kwa hiyo usitegemee hoja hiyo.

8. Tafuta wakili au mwakilishi kabla ya kwenda kwa jaji. Hulipi ya mwanzo. Akishinda, malipo yake yanatolewa kwenye pesa zako za nyuma, kwa kawaida asilimia 25 na isizidi dola 9,200 (kiwango cha 2025). Gharama ndogo kama za kununua rekodi anaweza kukudai, muulize kabla ya kusaini. Anayekuomba dola 500 mkononi ili "akuunganishe na mtu wa ndani", mkimbie. Hamna mtu wa ndani. Kuna pia ofisi za msaada wa kisheria za bure karibu kila jimbo.

Makosa yanayotuponza sisi hasa

Upatu, au likelemba kwa ndugu zetu wa Kongo. Mnachanga watu 10, zamu yako ikifika unaingiziwa dola 3,000 benki na mwezi unageuka hela ikiwa bado iko pale. SSI wanaangalia mali yako mwanzo wa mwezi, ukizidi 2,000 mwezi huo hustahili na watakudai warudishiwe. Michango ya msiba inayopitia akaunti yako ni hivo hivo. Akaunti ya mgonjwa isiwe akaunti ya kikundi.

Kusafiri. Mwenye SSI akikaa nje ya Marekani siku 30 mfululizo malipo yanasimama, na akirudi lazima akae tena siku 30 mfululizo ndani ndipo yafunguliwe. Najua msiba wa nyumbani hauna ratiba. Lakini toa taarifa kabla ya kupanda ndege na ujue siku zako.

Kuishi nyumbani kwa mtoto wako bila kulipa chochote. SSI inaweza kupunguzwa kwa sababu unapewa makazi. Tangu Septemba 30, 2024 chakula unachopewa hakihesabiwi tena, lakini nyumba bado. Kama unachangia kodi, andikishaneni na mtunze risiti.

Kunyamaza mambo yakibadilika. Umehama, mtoto amehama, umeanza kazi ya saa chache, umeolewa: waambie kabla ya tarehe 10 ya mwezi unaofuata.

Ikikwama

Barua haifiki. Mara nyingi ulihama ukabadilisha anwani posta tu. Social Security wanataka uwaambie wenyewe. Fungua akaunti ssa.gov uone kesi iko wapi.

Siku 60 zimepita. Kata rufaa hivyo hivyo na uambatanishe barua ya sababu: ulikuwa umelazwa, barua ilikuja kwa Kiingereza ukaelewa vibaya, ulifiwa. Wanaweza kukubali kama sababu ni ya maana na una ushahidi.

Ulikuwa unapata, sasa wanasema umepona. Hapa haraka sana. Ukikata rufaa na kuomba malipo yaendelee ndani ya siku 10 tangu upokee barua, unaendelea kulipwa wakati kesi inaangaliwa, ila ukishindwa wanaweza kukudai.

Wanakudai ulilipwa zaidi. Usiitupe ile barua. Kama unaona wamekosea kata rufaa, kama kosa si lako na huna uwezo wa kulipa omba kusamehewa kwa fomu SSA-632, na unaweza kuomba walau wakate kidogo kidogo.

Miaka 7 ya SSI ya mkimbizi inakaribia. Anza uraia mara tu ukifikisha miaka 5 ya ukaazi, usingoje mwaka wa 7. Kama ugonjwa ndo unaokuzuia kujifunza Kiingereza na maswali ya uraia, daktari anaweza kujaza fomu N-648 uombewe msamaha wa mtihani. Hiyo fomu daktari wengi wanaijaza kwa ufupi sana ikarudishwa, inatakiwa ieleze wazi ugonjwa huu unazuiaje akili isishike masomo, kwa hiyo iombee apointimenti yake peke yake, na nenda na mtu anayekujua nyumbani aeleze anachokiona.